Gitaa Nililolifukiza

Nakumbuka Ijumaa moja, mwanangu, nimekaa nyuma ya pazia la chumba cha wageni, chupa ya chai mkononi, nikisikia mbao ya gitaa ikilia kidogo kidogo upande wa pili. Chumbani walikuwamo baba yangu, ami yangu na ndugu yangu aliyekuwa akipiga, na hakuna hata mmoja kati yao aliyeisikia ile sauti. Niliisikia mimi peke yangu, na sababu yake nilikuwa naijua. Nilikuwa na muda wa kutosha kufunua pazia na kumwambia aache. Sikumwambia. Imepita miaka sitini sasa, na nikikumbuka ule ukimya wangu bado naona aibu.

Wewe umeniletea gitaa jipya na vidole vyekundu, na wenzako wa kwenye simu wamekuambia uvumilie, eti kuumia ndiko kujifunza. Kaa hapo kwenye mkeka. Nitalitengeneza gitaa lako mpaka likukubali, hiyo ndiyo kazi ninayojulikana nayo hapa Garissa, ingawa wapo wanaosema bibi kama mimi angeshika tasbihi tu. Tasbihi ninayo, iko mfukoni. Lakini kabla sijachukua tupa nataka usikie jinsi nilivyoifanya kazi hii mara ya kwanza, kwa ujinga na kwa majivuno, nikakaribia kumpotezea ndugu yangu mkono.

Dahir ni mdogo wangu. Wakati huo alikuwa na miaka kumi na tisa, nami nina ishirini na miwili, na tulikaa bulla hii hii, mtaa huu huu. Alipanda lori la mbuzi kutoka Bute, na kwenye laga moja, mkondo wa mto mkavu, lori likalala upande, chuma cha ubavuni kikambana mkono wa kushoto. Mifupa iliunga, alhamdulillahi, ila vidole vilibaki vimekunjika na vigumu, kama vya mtu aliyeshika fimbo akasahau kuiachia. Daktari wa viungo alimwambia Aabo, yaani baba, maneno ambayo nyumba nzima iliyashika: vidole hivi visipofanyishwa kazi kila siku kwa miezi hii michache vitafunga, na vikifunga havitafunguka tena.

Dahir akapewa mpira wa kuminya. Aliuminya siku tatu, ya nne akaurusha juu ya paa, na sijui kama haupo huko mpaka leo.

Jirani yetu alikuwa Mwalimu Barasa, mtu wa Bungoma, aliyefundisha useremala kwenye shule ya ufundi. Alikuwa na gitaa la nyuzi za chuma, na alasiri alikuwa akilipiga mlangoni kwake. Siku moja akamwekea Dahir lile gitaa mapajani na kumpangia vidole vya kushoto kwenye shingo ya gitaa. Dahir alirudi nyumbani jasho linamtoka, na kwa mara ya kwanza tangu ajali nikamwona akiutazama ule mkono bila kuuchukia. Aabo hakupendezwa. Alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, mtu wa maneno machache, na muziki kwake ulikuwa jambo la harusini, tena harusi ya watu wengine. Lakini aliyakumbuka maneno ya daktari. Alisema, "Kama ni dawa, basi ni dawa. Lakini wakati wa swala sitaki kuisikia."

Shida ilikuwa gitaa lenyewe. Nyuzi zilikaa juu sana ya shingo, ungeweza kupitisha kidole chini yake. Mwanzoni pale karibu na kichwa, ndipo mwanafunzi anapoanzia, kuubonyeza uzi hadi chini kulitaka nguvu ya mtu mzima mwenye mikono mizima. Halafu ncha za vile vyuma vilivyolazwa shingoni zilikuwa zimechomoza pembeni, kila akisogeza mkono zinamkwaruza. Mwalimu alikuwa akimwambia, "Vumilia, kila mtu huanza hivi." Dahir akavumilia. Nikaanza kumwona akiuficha mkono ndani ya kikoi ili Hooyo, mama yetu, asione ngozi ilivyochunika. Akaanza kuruka siku moja, kisha mbili. Nilizihesabu siku zile kwa hofu, maana kila aliyoiruka ilikuwa siku moja ya vidole kufunga.

Kisha Mwalimu akapangiwa kwenda Wajir kusimamia mitihani, akatuachia gitaa. Akiwa anaondoka alisema neno moja tu kulihusu, kwamba lilitoka kwao kwenye mvua na ubaridi, likaja kwenye joto letu, na sasa mbao imekauka na kujikunja.

Mbao imekauka. Hilo nililisikia nikajiona nimeshaelewa kila kitu.

Hapo sasa lazima nikueleze jambo, maana ninyi wa siku hizi maziwa mnayatoa kwenye paketi. Vyombo vya maziwa vya kwetu, vya mti, vile tunavyoviita dhiil, ni kazi ya wanawake. Chombo kikikauka hupasuka na kuvuja, na maziwa ndani yake huharibika. Kwa hiyo tunakifukiza. Unachoma vijiti vya mti unaofaa, unaingiza vijinga ndani, unatikisa, moshi unashika, kisha unapaka samli, na chombo kilichokuwa kigumu na kikavu kinakuwa laini na chenye afya. Mimi nilikuwa hodari wa kazi hiyo. Wanawake wa bulla walikuwa wakiniletea vyombo vyao, na Hooyo alizoea kunisifia mbele ya wageni mpaka nikajifanya naona haya. Sikuona haya yoyote, mwanangu. Niliamini kwamba hakuna mbao duniani nisiyoweza kuitibu.

Jumatano, Dahir amekwenda kliniki na Hooyo yuko sokoni, nikawasha chetezo. Nilitafuta vijiti bora kabisa. Nikaliweka gitaa kifudifudi juu ya vigoda viwili, tundu lake likitazama makaa, ili moshi uingie tumboni vizuri. Sikulegeza nyuzi. Sikujua kwamba nyuzi zinavuta muda wote, hata kama hakuna anayepiga. Nikalifukiza kwa muda ule ule ambao ningefukiza dhiil kubwa ya ngamia, nikaona bado, nikaongeza makaa. Baadaye nikapaka samli shingo nzima, juu na chini, na nikawa najiimbia huku nafanya. Paka wa jirani akaja kukaa karibu, akalitazama lile gitaa kwa upendo mkubwa.

Nilipoligeuza, niliona nilichokifanya. Juu ya tumbo la gitaa kuna kipande cha mti kilichobandikwa kwa gundi, ndicho kinachoshika nyuzi zote. Mafundi wanakiita daraja. Joto lilikuwa limelainisha gundi, na nyuzi zikawa zimelivuta lile daraja, limeinuka upande wa nyuma, ufa unapita kucha. Nyuzi nilizotaka kuzishusha zilikuwa zimepanda zaidi.

Nikalibonyeza kwa dole gumba, likashuka, nikaliachia, likainuka. Nikakimbia kwa fundi viatu aliyekaa pembeni ya barabara, nikaomba gundi yake katika kifuniko cha chupa, nikaimimina ndani ya ufa, nikaweka jiwe la kusagia juu. Nikafuta samli kwa kitambaa. Nikafukiza ubani nyumba nzima ili harufu ipotee. Hooyo aliporudi na kuuliza ubani wa nini, nikasema si wageni wanakuja Ijumaa, na kweli walikuwa wanakuja. Sikudanganya hata neno moja siku ile. Ndivyo nilivyojiambia.

Mgeni alikuwa Adeer Bishaar, ndugu wa baba, kutoka Habaswein. Adeer ni ami. Alikuwa na ndevu zilizopakwa hina na sauti ya mtu aliyezoea kuita mifugo kutoka mbali, na alitupenda sana, hilo usilisahau. Alikuja na shauri lake tayari. Alitaka kumchukua Dahir akakae naye kwenye ngamia, aache mambo ya hospitali.

"Ni mkono wa kushoto," alimwambia Aabo. "Mkono wa kushoto hauli wala hausalimii. Mtu anaweza kuishi na wa kulia tu, na kukamua watamkamulia wengine."

Nilikuwa nyuma ya pazia nikipanga vikombe, nikamwona Dahir kupitia upenyo. Aliposikia habari ya wengine kumkamulia, uso ulimbadilika.

Aabo akasema, "Kwanza mwone. Vidole vimeanza kutii. Dahir, mwonyeshe ami yako."

Dahir alikuwa amevaa kanzu nyeupe ya Ijumaa. Akaliweka gitaa mapajani. Alikuwa amejifunza mishiko mitatu ya vidole kwenye nyuzi, basi, na kwa hiyo mitatu alikuwa ameutafuta wimbo wa kunyweshea ngamia kisimani, wa kuvuta maji, ambao Adeer mwenyewe alimwimbia akiwa mdogo. Hakumwambia mtu. Alikuwa ameutunza kwa siku hii. Akaanza polepole, anakosea, anarudi. Nikaona kidole cha Adeer kinaanza kugonga goti. Nikaona Aabo ameinamisha kichwa, naye alikuwa akiinamisha kichwa tu anapofurahi na hataki aonekane.

Ndipo nikaisikia ile mbao. Ilikuwa sauti ndogo, kama ya mlango unaofunguliwa na mtu anayeogopa kuamsha watoto. Ikaja tena. Nikajiambia labda itashika mpaka mwisho wa wimbo, wimbo wenyewe mfupi, nitamaliza aibu yangu kimya kimya, Mwalimu atakuja, nitamweleza yeye peke yake. Nikajiambia nikitokea sasa mbele ya Adeer nitakuwa mchekeshaji wa ukoo mzima, msichana aliyefukiza gitaa. Unaona nilichokuwa nakipima? Uso wa ndugu yangu na cheko la ami yangu. Na nikachagua kujiokoa na cheko.

Dahir alifika kwenye mshiko mgumu, ule wa vidole vitatu, akaubonyeza kwa nguvu zote kwa sababu nyuzi zilikuwa zimepanda. Daraja likang'oka. Mlio ulikuwa mkubwa kuliko chumba. Kipande cha mfupa kinachokaa juu ya daraja kiliruka, kikampiga juu ya jicho, na damu ikashuka kwenye kanzu.

Nikaingia na maji na kitambaa. Dahir hakushika jicho. Alikuwa anautazama mkono wake wa kushoto.

"Nilibonyeza mno," alisema. "Mkono huu haujui kipimo tena. Kila unachoshika unakiharibu."

"Subhanallah," Adeer akasema, na sauti yake ilikuwa ya huruma. "Yatosha, kijana wangu. Umejaribu. Lori linarudi Habaswein Jumapili asubuhi, utapanda nami."

Aabo hakupinga. Dahir aliufunga mkono ndani ya kitambaa, akaukaza fundo kwa meno, na nilipokuwa namwosha damu kwenye nyusi akaniambia kwa sauti ya chini, akiniita dada kwa lugha yetu, "Abaayo, Mwalimu akirudi mwambie anisamehe kwa gitaa lake."

"Nitamwambia," nikasema.

Mwanangu, nimefanya mabaya kadhaa maishani, lakini sijawahi kusema neno baya kuliko hilo "nitamwambia."

Mwalimu Barasa alirudi Jumamosi mchana. Nilimfuata kwenye karakana ya shule, gitaa limefungwa ndani ya kanga. Alilifungua juu ya meza yake ya kazi, akamulika tundu kwa tochi, akaingiza kioo kidogo akatazama ndani. Alikaa vile muda mrefu. Akapitisha kidole kwenye shingo, akakinusa. Akakwangua gundi ya viatu kwa kucha.

"Habiba," alisema, "hili gitaa limepikwa."

"Ni mimi."

"Dahir anajua?"

"Hapana. Lilimpasukia usoni mbele ya ami yetu. Anadhani ni mkono wake."

Aliweka tochi chini. Alikuwa mtu mpole, hata wanafunzi walimchezea, lakini siku ile macho yake yalinitisha. "Tangu jana," alisema. "Tangu jana anadhani ni mkono wake, na wewe umelala, umeamka, umekunywa chai."

Nikaanza kulia. Hakunibembeleza. Alisema, "Na mimi nina langu. Nilimpa mtoto mgonjwa chombo kigumu, nikamwambia avumilie, na tupa zangu ziko hapo ukutani. Nilikuwa mvivu, nikaita uvivu wangu mafunzo. Hilo nitamwomba radhi mwenyewe. Lakini hili la kwako siwezi kukubebea."

"Lori ni kesho asubuhi, Mwalimu. Libandike leo, nimpelekee likiwa zima."

"Gundi ya kweli inataka siku mbili. Na hata ingetaka saa moja nisingelibandika." Akalifunga tena ndani ya kanga, na daraja likaning'inia kwa nyuzi zake. "Lichukue hivi lilivyo. Likiwa zima watasema umepata fundi mzuri. Likiwa bovu ndipo watakapotazama ndani."

Jumapili honi ya lori ililia kwenye kona kabla jua halijawa kali. Dahir alikuwa amesimama mlangoni na mfuko wake, mkono umefungwa. Hooyo alikuwa amempikia muqmad ya safari, nyama iliyokaushwa ikahifadhiwa kwenye samli, na alikuwa haongei. Nikatoka na gitaa, nikaliweka kwenye mkeka mbele ya Aabo, na maneno niliyokuwa nimeyapanga alfajiri nzima yakanipotea yote. Nikasema tu kwamba ni mimi, si Dahir, nililifukiza, nikalipaka samli, gundi ikayeyuka, nikajua, nikanyamaza.

Adeer alitikisa kichwa. "Dada anamtetea ndugu yake. Ni wema, Habiba, Mungu akulipe. Lakini dereva anatungoja."

Hakuniamini. Sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo, kwamba nikisema ukweli nimechelewa, ukweli utaonekana uongo wa huruma. Nikabaki nimesimama, na honi inalia.

Aabo aliinua gitaa, akalitazama kwa jinsi alivyokuwa akimtazama mnyama sokoni, mbele na nyuma, kisha akaweka pua kwenye tundu akavuta pumzi. Akavuta tena. Akalishusha.

"Bishaar," alisema, "njoo unuse."

Adeer akainama, ndevu nyekundu zikagusa nyuzi. Alikuwa mtu aliyezaliwa na kulelewa ndani ya moshi ule. Alipoinua kichwa alinitazama mimi, halafu Dahir, na sauti yake kubwa ikawa ndogo. "Huu ni moshi wa dhiil."

"Ijumaa ulikuwa wapi?" Aabo akaniuliza.

"Nyuma ya pazia."

"Na ulijua."

"Nilijua, Aabo."

Akayageuza macho yake. Afadhali angenichapa.

Dahir alikuwa bado mlangoni. Alisema, si kwa mtu yeyote, "Kwa hiyo haukuwa mkono." Akarudia, polepole zaidi, "Haukuwa mkono." Akaanza kulifungua fundo la kile kitambaa kwa meno, na ilimchukua muda kwa sababu alikuwa amelikaza sana. Kisha akanitazama. "Siku mbili, abaayo. Umeniosha damu na ukaniacha nauchukia mkono wangu siku mbili." Akaingia ndani na mfuko wake.

Lori likaondoka na Adeer peke yake. Kabla ya kwenda alisimama kidogo kwenye dirisha la chumba cha Dahir, akamwambia atakuja tena baada ya miezi mitatu kuusikia ule wimbo mpaka mwisho.

Dahir hakunisemesha siku kumi na moja. Chakula alikipokea, salamu aliijibu kwa sababu ni wajibu, lakini mazungumzo hakuna. Siku ya kumi na mbili Mwalimu alituita karakanani. Daraja lilikuwa limeshabandikwa na kukauka. Alikuwa pia amemwomba Dahir radhi, nje, mbali na masikio yangu. Aabo naye akaja, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia, akavuta kigoda akakaa mbele kabisa ya gitaa, goti kwa goti na Dahir.

Kiswahili cha Aabo kilikuwa cha sokoni, na kila "pa" kwake ilitoka "ba". "Mwalimu," alisema, "mimi nakaa haba. Ikibasuka tena, ibige mimi."

Mwalimu hakucheka, ingawa nilimwona akijizuia. Alinipa mimi tupa nyembamba na kipande cha msasa. Kisha akamwambia Dahir, "Leo sitengenezi kwa macho yangu. Wewe bonyeza, mahali kwa mahali, kidole kwa kidole, na umwambie mwenye tupa ni wapi panakuumiza."

Mwenye tupa nilikuwa mimi, na Dahir alikuwa hasemi nami. Alibonyeza mahali pa kwanza. Niliona taya lake linakaza. Hakusema. Akabonyeza pa pili. Mwalimu alisimama mikono nyuma, kama hana haraka hata ya chakula cha mchana. Aabo alikuwa akivitazama vile vidole. Nje wanafunzi walikuwa wakipiga randa, na mimi nilikuwa nimeshika ile tupa kwa mikono miwili, sithubutu kumwomba aseme, maana nilijua sina haki hiyo. Akarudi mahali pa kwanza, akabonyeza kwa kidole kile kilichokunjika zaidi, akatoa pumzi.

"Abaayo," alisema. "Hapa."

Nikapiga tupa pale. Mwalimu akanishika kiwiko. Karibu na kichwa kuna kipande cha mfupa kinachopitisha nyuzi, nacho nilikikata kidogo kidogo, mfereji kwa mfereji, uzi ukishuka unywele mmoja, Dahir anabonyeza, anasema bado, nasugua, anasema bado, mpaka akasema sasa. Tukautoa na ule mfupa wa darajani, nikausugua kwa msasa upande wa chini, si juu, ukarudi mfupi zaidi. Nikazilainisha ncha za vyuma pembeni mpaka kiganja kikapita bila kukwaruzwa. Mwalimu akafunga nyuzi nyembamba na kuzilegeza sauti kidogo. Kisha akachukua penseli na kipande cha tyubu ya baiskeli, akaibana penseli juu ya shingo, kwenye chuma cha pili, ili mkono usinyooke mbali. Dahir akashika mshiko ule wa vidole vitatu. Ulitoka safi. Aabo akainamisha kichwa.

Kidole chake cha mwisho hakikunyooka kabisa, hata leo. Lakini analima vitunguu na ndizi kule Rhamu kando ya mto Daua, anashika jembe kwa mikono miwili, anafunga vifungo vya shati lake mwenyewe. Nami nilibaki na tupa.

Basi lete gitaa lako, mwanangu, na lete mkono. Nikuambie kwanza nilichokipata kwa gharama ya uso wa ndugu yangu. Anayeanza akilalamika kuwa anaumia, mwamini, na utazame chombo kabla ya kumtazama yeye. Ngozi ya vidole itakomaa kwa wakati wake, lakini nyuzi zilizopandishwa bure hazimfundishi mtu kitu isipokuwa kuacha. Usimtibu kwa ujuzi wa kazi nyingine, hata kama kwenye kazi hiyo wewe ndiye bingwa wa bulla nzima. Keti naye, mwache abonyeze, na umsikilize mpaka aseme. Toa kidogo, jaribu, toa kidogo tena, maana ulichokikata hakirudi. Na ukiharibu, sema pale pale, mbele ya wale wale unaowaonea aibu. Kesho yake utasema maneno hayo hayo na hawatakuamini, na katikati kuna mtu atakuwa amelala akidhani kosa ni lake.

Mwenyezi Mungu akulainishie kazi ya mikono yako, akuepushe na majivuno ya kujua jambo moja ukadhani umeyajua yote, na kila mara utakapomkosea mtu akupe ujasiri wa kumwambia siku hiyo hiyo. Amin. Sasa bonyeza hapo mwanzo, uniambie ni wapi panauma.